Vidole vya Blandine

Mwalimu Olivia Mbambu alikuwa ameshaaga watu wote. Aliwaaga walimu wenzake wa shule ya msingi kule Nyamwamba. Aliwaaga watoto tisini na wawili wa darasa la sita aliokuwa akiwafundisha hesabu, akamuaga na mama mwenye chumba katika zile nyumba za zamani za mgodi, Kilembe. Jumapili alisimama mbele ya kanisa na jogoo wa shukrani kwapani, akatangaza kwamba Mungu amemfungulia mlango wa Maskati. Jogoo akanadiwa palepale, kama ilivyo desturi, wazee wawili wakamgombania mpaka mmoja akakubali yaishe. Barua ya kuacha kazi aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, na mkuu wa shule hakuchelewa, akapata mwalimu mwingine. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, pasipoti.

Utauliza, mtu gani mwenye akili zake anaaga kabla hajashika pasipoti? Swali zuri, na mama yake, Edisa, alimwuliza hilohilo kule Bwera. Lakini tusimcheke mapema. Miaka mitatu Olivia alikuwa amehangaika na mawakala. Wa kwanza alichukua nakala za vyeti vyake na picha kumi na mbili, kisha akahama mji bila kuaga hata muuza chapati wake. Wa pili alimwambia kazi ni ya ualimu, na alipouliza atafundisha darasa gani, akajibiwa kwamba watoto ni watatu na atawafulia pia. Wa tatu ndiye Desire, Mkongo wa Butembo mwenye ofisi juu ya duka la mabati, na huyu, tuseme ukweli, alileta kazi ya kweli. Mkataba ulikuwa na jina la shule, jina la Olivia na neno hesabu. Mkuu wa shule ya Maskati mwenyewe alimhoji kwa simu ya picha, akamtaka aeleze jinsi ya kumfundisha mtoto kugawanya sehemu kwa sehemu. Olivia alieleza kwa muhogo na kisu, mkuu akacheka, akasema, "Njoo."

"Visa haina shida, Mwalimu," Desire alimwambia siku ile, akipanga karatasi zake kwa unadhifu wa daktari. "Visa ni mutoto wa pasiporo. Leta mama, mutoto atafwata."

Shule ilitaka namba ya pasipoti kabla ya tarehe thelathini. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Olivia aliingia ofisi ya uhamiaji mjini Kasese tarehe kumi na saba asubuhi, akiwa na kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, barua ya mwenyekiti wa kijiji, na tabasamu.

Foleni ilikuwa fupi, jambo alilolichukulia kuwa dalili njema. Karani wa vidole alikuwa mzee mmoja aitwaye Eridadi, Munyankole aliyewahi kuwa jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimevaa buti.

"Keti. Vidole ine, mkono ya kulia. Bonyeza. Toa."

Olivia akabonyeza, akatoa. Mashine ikakaa kimya kidogo. Eridadi akatazama kompyuta, akakunja uso, akafuta kioo cha vidole kwa kitambaa.

"Rudia."

Akarudia. Mkono wa kushoto, akarudia. Vidole gumba, akarudia. Watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna.

"Jina?"

"Mbambu Olivia, afande."

"Jina ya kweli."

Olivia alicheka, akidhani mzee ana utani. Eridadi hakucheka. Aliigeuza kompyuta ili naye aone, na kicheko cha Olivia kikamfia mdomoni. Aliyekuwa akimtazama pale ni yeye mwenyewe, wa miaka kumi na saba, nywele zimenyolewa kwa kanuni za shule, macho yametoka kwa mwanga wa kamera. Na chini ya ule uso kulikuwa na jina la mtu mwingine.

"Hii vidole iko ya Blandine," Eridadi alisema. "Mukongo. Mkimbizi. Aliandikwa Bwera, yeye na mama yake Kahambu na ndugu yake Katembo. Sasa wewe iko nani? Na vidole ya huyu mtu umetoa wapi?"

Olivia akabaki ameinua mikono yote miwili juu ya meza, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba kitu. Nyuma yake mtu mmoja alinong'ona, "Kumbe Mukongo," na foleni nzima ikasogea karibu kusikiliza.

Kwa Wakonzo wa Bwera, na kwa Wanande wa ng'ambo ya mto Lhubiriha ambao ni watu walewale waliokatwa na mpaka, dada ya mama yako ni mama yako. Humwiti kwa jina jingine. Mtoto wake ni ndugu yako, na anayekuuliza "ndugu kweli au wa mama mdogo?" utamwona hana malezi. Kahambu alikuwa mdogo wake Edisa, ameolewa upande wa Beni. Binti yake Blandine na Olivia walipishana miezi mitano, na likizo walilala kitanda kimoja, wakivaa nguo za mmoja na kuchapwa kwa makosa ya mwingine.

Miaka minane nyuma, vita vilipochacha upande ule, watu walimiminika mpakani siku tatu mfululizo. Waliandikishwa uwanjani Bwera, chini ya turubai, na msichana mwenye kizibao cha buluu aliyekuwa na mashine juu ya meza. Olivia alikuwa amepeleka chupa ya uji kwa ndugu zake. Alimkuta Mama Kahambu mbele kabisa ya foleni, karibu na meza, ana mtoto mmoja tu, Katembo wa miaka tisa, aliyekuwa amekaa kimya kama amepigwa. Kahambu alimshika Olivia mkono, akamvuta kando.

"Blandine iko nyuma na nyanya yake," alimwambia. "Banakuja polepole. Wakimukosa mu hii karatasi leo, kesho atalala inje. Weka vidole mu jina yake. Akifika, tutabadirisha."

Olivia hakuona uongo mkubwa hapo. Ndugu yake anachelewa, yeye anamshikia nafasi, kama unavyomwekea mtu ndoo bombani. Akaweka vidole, akatazama kamera, akaitika "Blandine" alipoitwa. Walipewa mablanketi matatu na dumu la maji. Yeye akarudi nyumbani kuosha chupa ya uji, na kusema kweli, alilisahau jambo lile kabla ya wiki kwisha. Kitambulisho cha taifa alikuja kupewa baadaye bila shida yoyote, maana mashine za siku zile zilikuwa bado hazijaanza kusalimiana.

Blandine hakufika. Kahambu alikaa kambini mwaka mmoja, kisha akarudi Bwera, akapanga chumba nyuma ya nyumba ya Edisa, akaanza kuuza maharage siku za soko la Mpondwe. Mwanzoni majirani walibuni yao, kwamba msichana ameolewa Butembo, kwamba ameonekana Goma. Kahambu hakukubali wala hakukataa. Na pale nyumbani hakuna aliyeuliza. Kumlilia mtu ambaye hujaambiwa amekufa ni kumchimbia kaburi kwa mdomo, na nani angetaka kuwa wa kwanza kushika jembe hilo?

Hayo ndiyo Olivia aliyomweleza Eridadi, kwa kigugumizi, baada ya foleni kufukuzwa kwa neno moja la kijeshi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikia, Mwalimu," alisema. "Kompyuta haijui uji wala nyanya. Inajua vidole. Mama wa hii kadi ya mkimbizi akuje hapa, na kadi yake, aseme mbele yangu Blandine wa kweli iko wapi. Kama iko hai, alete yeye. Kama alikufa, aseme alikufa, wapi, lini, aweke kidole. Bila hiyo, Olivia hapati pasipoti. Na kudanganya serikali ni kesi. Nenda."

Olivia alitoka nje, akasimama juani bila kujua aende upande gani. Miguu yenyewe ikampeleka kwa Desire.

Desire alisikiliza akichezea kalamu. Olivia alitegemea angeshtuka, angalau kidogo, kwa heshima. Badala yake uso wa wakala ulianza kuchanua.

"Lakini hii ni muzuri!" alisema. "Mashini inakataa Olivia, lakini Blandine inamukubali. Sawa. Twende na Blandine. Mukimbizi anapewa dokima ya safari kama pasiporo, mimi najua fasi, mahali ya kuomba. Mukataba nitaongea na shule babadirishe jina. Siku kumi inatosha."

"Na diploma yangu? Imeandikwa Mbambu Olivia."

"Nitafanya ingine. Na mihuri yake yote."

Olivia alimkodolea macho. Ile diploma aliipata kwa kusoma likizo baada ya likizo, akirudia mtihani wa takwimu mara mbili, akila muhogo mkavu. Na huyu bwana nadhifu anazungumza kuhusu kuifuta kama mtu anayefuta ubao. Lakini tusimpe utakatifu asio nao. Kwa muda wa dakika moja nzima alilifikiria jambo lile. Alijiona ameshuka Maskati, watoto wanasimama, wanasema "Good morning, Teacher Blandine," naye anaitika. Alikuwa ameshaitika mara moja, na dunia haikupasuka.

"Na siku akirudi mwenyewe?" aliuliza. "Ndugu yangu akirudi, atakuwa nani?"

Desire aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza alisema kwa upole. "Miaka munane, Mwalimu. Mimi pia natoka kule. Weye njo mwenye kujua hesabu, si mimi."

Neno lile lilimpiga Olivia kuliko yote ya asubuhi ile. Hesabu aliijua, ndiyo. Hii moja tu hakuwahi kuifanya. Alichukua faili lake mezani, akashuka ngazi bila kuaga, na jioni ileile alikuwa Bwera.

Aliwakuta mama zake wawili uani wanachambua maharage. Edisa alifurahi kumwona, kisha akauona uso wake, furaha ikamwisha. Olivia alikuwa amepanga maneno njiani, ya adabu, yenye mizunguko. Yote yalimpotea.

"Mama Kahambu," alisema, "Blandine yuko wapi?"

Ungedhani ametukana. Edisa aliangusha ungo, maharage yakatawanyika. "Nyamaza!" alifoka. "Nani anauliza vile hapa kwangu?"

Olivia hakunyamaza. Alisimulia mashine, picha, Eridadi, siku kumi na tatu zilizobaki, barua ya kuacha kazi isiyorudi nyuma. Sauti ilikuwa ikimpanda na hakuweza kuizuia. Kahambu hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye maharage, jiwe moja, jingine, vikiyapanga pembeni.

"Atakuja," alisema mwishowe. "Niliwaambia atakuja. Siwezi kuenda kwa serikali nikaseme mutoto wangu amekufa."

"Basi sema yuko hai, tumtafute!"

"Sijui fasi iko."

"Mama, mimi sina kazi. Sina jina. Nilikupa vidole vyangu kwa sababu ulisema akifika tutabadilisha!"

Hapo Edisa alisimama, na kofi lilimfikia Olivia shavuni kabla hajaliona. Mwanamke wa miaka ishirini na mitano, mwalimu wa diploma, anapigwa kofi uani mbele ya kuku. Edisa mwenyewe alishtuka, akautazama mkono wake.

"Unataka kumuua ndugu yako kwa sababu ya ndege," alisema. "Nenda ukalale. Kesho utaomba msamaha."

Olivia alilala, kama kule ni kulala, akiwa amekasirika na kuona aibu kwa zamu. Alikuwa ameamua: asubuhi ataomba msamaha kweli, atarudi Kasese, atamwomba mkuu wa shule hata zamu ya kusimamia mitihani. Maskati iende zake. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ile fupi yao ilikuwa imemchukua miaka minane kufika ukutani.

Alfajiri alipofungua mlango alimkuta Mama Kahambu amekaa kwenye kizingiti, amevaa kitenge chake cha kanisani, viatu miguuni, pochi mapajani. Alionekana amekaa pale muda mrefu. Edisa alikuwa bado hajaamka.

"Twende kwa ile biro ya vidole," Kahambu alisema. "Tuende mbele yaya hajaamuka." Yaya ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, kwa Kiswahili chake cha Kongo.

Njiani Olivia alijaribu mara moja kuomba radhi, Kahambu akamgusa goti, maana yake acha.

Eridadi aliwatolea viti viwili. Kahambu alifungua pochi, akatoa Biblia ndogo, na ndani ya Biblia kulikuwa na kadi ya kambini, imefungwa kwa nailoni, haina hata kona iliyokunjika. Mzee alichukua kalamu.

"Mama, jina yako Kahambu?"

"Njo mimi, Kahambu."

"Watoto kwa hii kadi ni wawili. Katembo iko wapi?"

"Katembo iko Butembo, anajifunza mekaniki."

"Na Blandine?"

Kahambu aliitazama ile kadi. Olivia alikuwa amejiandaa kwa jibu la jana, "sijui," au "atakuja." Alikuwa hata ameanza kuinuka, ili amwokoe mama yake na aibu.

"Nilimuzika," Kahambu alisema.

Olivia alirudi kitini kama aliyesukumwa.

"Lini?" Eridadi aliuliza.

"Ile siku."

"Siku gani, mama?"

"Siku ya kuandikwa. Asubuhi yake. Risasi ilimupata mu tumbo, tukamubeba siku mbili, mimi na batu ba njiani. Alikufia mu shamba ya kakao, mbele ya kufika Kasindi. Mwenye shamba simujui. Nilichimba na jembe ya kuomba, Katembo akiwa anaondosha udongo na mikono. Nilimwambia Katembo, tukivuka usiseme kitu. Hata leo hajasema. Ni mutoto wa kusikia."

Eridadi hakuandika. Olivia alikuwa anaiona ile siku upya, kila kitu mahali pake palepale, na kila kitu kimegeuka. Udongo ulikuwa kwenye kucha za Mama Kahambu alipomshika mkono. Aliuona. Alikumbuka kwamba aliuona, na kwamba alidhani ameanguka njiani. Mkono uliomvuta kutoka kwenye foleni ulikuwa umetoka kufukia kaburi.

"Lakini ulisema yuko nyuma," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu, ilikuwa ya mtoto. "Ulisema anakuja na nyanya."

"Nyanya yake alibaki mu nyumba ilipowaka. Nyuma hakukuwa mutu, Olivia."

Eridadi alikohoa. "Kwa nini, mama? Ungesema tu. Serikali ingekusaidia vilevile."

Kahambu alimgeukia taratibu, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni.

"Ule musichana wa mashini aliuliza, mama, uko na batoto bangapi? Nilitaka kusema moja. Mudomo ilikataa, afande. Nilijaribu, ikakataa. Njo pale nikaona huyu, anakuja na chupa ya uji, kimo moja na wangu, kichwa moja. Nilijua ni bongo, haiko kweli. Haikuwa juu ya blanketi. Nilitoka pale bakiniita mama ya batoto babili." Akaigusa kadi kwa kidole. "Nyumba iliwaka na picha zote. Hii kadi njo fasi moja tu jina yake iliandikwa mu dunia. Sura ni ya huyu, lakini nilizoea. Balifanana."

Olivia alilia hapo, kwa sauti, ofisini mwa watu, bila kujali nani anamwona. Alijutia jana. Alijutia ile dakika moja kwa Desire. Zaidi alikuwa ameshtuka kwa namna isiyo na pa kushika, maana kwa miaka minane mwanamke huyu alikuwa amekula nao sahani moja, amecheka harusini kwao, ameuza maharage, na kaburi liko kifuani mwake halina hata jirani wa kulijua.

"Afande," alisema akipangusa uso, "basi. Acha. Tusiandike kitu. Tunarudi nyumbani, mimi pasipoti siitaki tena."

"Nyamaza," Kahambu alisema, na lilikuwa lile neno la Edisa la jana, ila lilitoka polepole. "Jana uliniambia hauna jina. Ni kweli. Nilichukua ya mwenye kuwa hai nikapea mwenye kufa. Andika, afande."

"Niandike amekufa?"

Kahambu aliinua macho. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kamili.

"Andika amekufa."

Eridadi aliandika, kwa herufi kubwa za kijeshi, kisha akasogeza mashine, na Kahambu akaweka kidole gumba. Mzee alisema pole mama. Alisema pia kwamba itakuja barua ya karipio kutoka juu, wasiiogope, waiweke tu. Kadi ilibidi ibaki ofisini. Kahambu aliitoa kwenye nailoni mwenyewe, akaiweka mezani, na ile nailoni akairudisha ndani ya Biblia. Olivia alipewa bahasha ya kupeleka dirisha la pili. Na ili hadithi isiache watu na deni, pasipoti ilitoka tarehe ishirini na nane, kwa jina la Mbambu Olivia, na visa, kama Desire alivyosema, ikafuata kama mtoto anavyomfuata mama.

Lakini siku ile hakuna aliyekuwa na habari ya visa. Walifika Bwera mchana, jua la utosi. Edisa alikuwa mlangoni, amechacha kwa hasira, anataka kujua ni heshima gani hii ya watu kuondoka nyumbani kama wezi. Kahambu alimpita bila kujibu. Alifika katikati ya ua, akafungua kilemba chake, akakiacha kianguke, akaketi chini kwenye udongo mtupu na kunyoosha miguu yote miwili mbele yake.

Kila mwanamke wa kule anajua maana ya kukaa vile. Edisa alimtazama Olivia, akaona macho yaliyovimba, akamrudia mdogo wake.

"Nani?" aliuliza. "Kahambu, ni nani amekufa?"

"Blandine, yaya."

"Nani ameleta habari? Amekufa lini?"

Kahambu alifikiri. Ilionekana wazi kwamba anafikiri kweli, anatafuta siku iliyo sahihi.

"Leo," Kahambu alisema. "Saa ine. Kuja unisaidie kulia."